Bi Najua Apelekwa Mafunzoni

Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho, na limebaki hukohuko. Maktabani, mtaani na hata kwa fundi viatu anayekaa mkabala na lango, anaitwa Bi Najua. Hakujipachika jina hilo mwenyewe. Alipachikwa na watu waliojaribu kumaliza sentensi mbele yake wakashindwa.

Ukifika kwenye kaunta yake ukaanza, "Samahani mama, natafuta kitabu cha..." yeye ameshasema "Najua, najua," ameshapotelea nyuma ya rafu, na kabla hujafunga mdomo ulioufungua, kitabu kiko mbele yako kimeshapigwa mhuri wa tarehe ya kurudisha. Utake usitake, umeazima. Na tuseme ukweli, mara nyingi huwa ndicho chenyewe. Miaka ishirini na miwili kwenye kaunta ile imemfundisha kuwasoma watu kuliko wengine wanavyosoma vitabu. Mwanafunzi anayeingia mbio, kamba za viatu hazijafungwa, huyo anataka mitihani ya miaka iliyopita. Msichana anayeuliza kwanza kama kuna kona isiyo na watu, huyo ni wa riwaya za mapenzi. Mwanamume mwenye pete mpya kidoleni, anayejifanya kusoma habari za mpira huku jicho liko kwenye rafu ya mapishi, huyo habughudhiwi. Anawekewa kitabu cha mapishi katikati ya gazeti, na heshima yake inabaki palepale.

Watu walimpenda kwa hilo, na yeye alijipenda zaidi. Mtu akimsifu alikuwa anainamisha macho kwa unyenyekevu, lakini shingo ilibaki imenyooka.

Ndipo waraka ukaja kutoka makao makuu. Mkuu wa maktaba, bwana mmoja mpole anayebeba karatasi kwa mikono miwili kana kwamba zina uji wa moto, aliusoma mbele ya wafanyakazi wote sita. Kila anayehudumia wasomaji atapewa mafunzo ya siku tano, kisha atafanyiwa mtihani wa vitendo kwenye kituo chake. Atakayepata alama sitini na zaidi atapewa cheti na kuendelea na kazi yake. Asiyefikisha atapangiwa majukumu yasiyohusisha wasomaji.

Majukumu yasiyohusisha wasomaji, kwa maktaba ile, yalikuwa na maana moja tu: ghala. Ghala ni chumba cha nyuma chenye dirisha dogo lililo juu kuliko kichwa cha mtu, ndoo ya gundi, na vitabu vilivyokatika migongo vinavyosubiri kubandikwa. Mtu wa ghala anaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni bila kuulizwa hata saa ngapi. Kwa Bi Najua, ambaye siku za mapumziko huenda kusimama sokoni ili tu apate wa kumkatiza, hilo lilikuwa kaburi lenye rafu.

"Mkuu," alisema, "hapa kuna makosa. Mafunzo hayo ni ya wanaoanza."

"Waraka unasema wote, bi mkubwa."

"Mimi nifundishwe kaunta? Hao vijana wenye shahada wanaoletwa hapa, nani anawafundisha mhuri unashikwaje?"

"Ni wewe," mkuu alikubali. "Lakini elimu haina mwisho."

"Najua," alisema Bi Najua, na mkutano ukaishia hapo, ingawa mkuu alikuwa bado ana karatasi mbili za kusoma.

Wiki hiyohiyo katoni ya vifaa vya mafunzo ikafika: kitabu cha mwongozo, kadi za mazoezi, daftari la kujitathmini, na karatasi yenye orodha ya video za kutazama kwenye simu. Wafanyakazi waliambiwa wajisomee kabla ya kwenda. Bi Najua alikipokea kitabu cha mwongozo kwa taratibu zote za taaluma. Alikipa namba, akakiandikia kadi, akakivika jalada la nailoni, akakipiga mihuri miwili, akakipanga kwenye rafu inayostahili. Hakukifungua. Alipoulizwa na mkuu kama ameupata mwongozo, alijibu kwa ukweli mtupu kwamba hakuna aliyeutendea haki kama yeye.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa maktaba kuu, watu kumi na wanne kwenye viti vya plastiki. Mkufunzi alikuwa dada mwembamba wa rika moja na kifunguamimba wa Bi Najua, mwenye sauti ndogo na kipaji kimoja kikubwa: aliweza kukaa kimya mbele ya watu bila kuona haya. Alikuwa anauliza swali, halafu anangoja. Watu wanajikuna, wanakohoa, wanatazamana. Yeye anangoja tu. Bi Najua alimwona kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na mara tatu asubuhi hiyo alijitolea kumsaidia.

Somo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Msomaji akija, muulize maswali matatu kabla ya kugusa kitabu chochote. La kwanza: anataka asaidiwe nini. La pili: ameshajaribu nini. La tatu: akishapata, atakitumiaje. Na baada ya kila swali, nyamaza uhesabu moyoni moja hadi kumi.

"Watu wengi," mkufunzi alisema, "jambo lenyewe hulitaja mwishoni. Wakikatizwa, huondoka nalo."

Wakagawanywa wawili wawili. Mmoja anapewa kadi yenye hitaji la siri na kuigiza msomaji; mwenzake anamhudumia. Bi Najua alipangiwa mhudumu wa tawi jingine, bwana mnene anayehema, miguuni ana buti za mpira.

"Habari, mama. Mimi natafuta..."

"Najua. Ufugaji wa kuku."

Bwana akaigeuza kadi ili wote waione. Ilisema: haki za mpangaji nyumba anapofukuzwa.

"Una sura ya kuku, baba," Bi Najua alijitetea. "Nilitazama buti."

Mara ya pili alikosea tena. Mara ya tatu alipatia, na hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu, maana alisimama na kuwainamia wenzake kama aliyefunga bao. Mkufunzi akaandika sifuri.

"Nimepatia!"

"Umepatia, bi mkubwa, lakini hukuuliza."

"Mtu akishajua, anauliza ya nini, mwanangu?"

"Kwa ajili ya siku atakayokosea bila kujua."

"Hiyo siku ikifika nitajua," alisema Bi Najua, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, mkufunzi naye akiwemo. Lakini sifuri haikufutwa.

Siku ya tano alirudi nyumbani na daftari la kujitathmini lililojaa alama ambazo hakutaka mtu azione. Mtihani ulikuwa baada ya wiki moja. Kwa mara ya kwanza aliogopa, na hofu ya mtu asiyezoea kuogopa haina adabu. Aliona ndoo ya gundi kila alipofumba macho.

Mume wake ni fundi saa. Ni mtu wa kufungua vitu vidogo polepole na kuvirudisha polepole, na amekaa katika ndoa miaka ishirini na sita bila kumaliza simulizi hata moja. Yeye ndiye aliyependekeza wafanye mazoezi.

"Mimi nitakuwa msomaji," alisema, akavuta kiti. "Wewe niulize. Lakini unyamaze kweli."

Bi Najua akashika taulo la jikoni ili mikono iwe na kazi. "Karibu, baba. Ungependa nikusaidie nini?"

"Natafuta," mume alisema, akakaa vizuri, "kitabu chenye kisa cha shangazi yangu na mbuzi."

Kisa hicho ukoo wote unakijua. Kwenye kila harusi na kila msiba fundi saa hukianza: shangazi alipata barua kutoka kwa mchumba, babu akawa anakuja mlangoni, na hapo Bi Najua hudakia, "Na mbuzi akaila barua!" Watu hucheka, mazungumzo yanaendelea. Sasa alilazimika kuhesabu. Alifika sita taulo likiwa limesokotwa kama kamba.

"Babu akawa anakuja mlangoni," mume aliendelea, akionja kila neno. "Shangazi hana pa kuificha. Basi akaila."

"Nani?"

"Shangazi."

"Mbuzi ndiye aliyeila!"

"Mbuzi alikuwa amefungwa uani. Shangazi aliila mwenyewe, kurasa mbili, na bahasha. Mbuzi yumo kwenye kisa kwa sababu babu alimuuliza shangazi anatafuna nini, akajibu kwamba anamwonjea mbuzi majani."

Bi Najua aliketi. Alikuwa amekisimulia kisa hicho kwa majirani, kwa wafanyakazi wenzake, kwa wakwe. "Miaka yote hii," alisema, "kwa nini hukunisahihisha?"

Fundi saa alifikiri kwa uaminifu. "Nilijaribu mara mbili," alisema. "Halafu nikaona mbuzi wako anafurahisha watu."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini usiku ule Bi Najua alianza kujiuliza ni simulizi ngapi nyingine alizozimalizia watu vibaya.

Mtu mzima akibanwa hutafuta upenyo, na Bi Najua aliupata. Mtihani ungefanywa kwa kumhudumia msomaji halisi, na hakuna aliyesema msomaji huyo asijulikane. Alimhitaji mtu ambaye hitaji lake linajulikana kama njia ya kwenda nyumbani, ili maswali yawe ya kuremba tu. Na mtu huyo alikuwepo.

Alikuwa mpaka rangi mmoja, mwanamume wa makamo yanayoelekea uzee, kofia haimtoki na viatu vyake vina matone ya kila nyumba aliyowahi kupaka. Kwa miaka tisa, kila baada ya wiki mbili, alikuja siku ya Jumanne kurudisha riwaya ya upelelezi na kuchukua nyingine. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Vitabu vyake vilirudi vimefungwa kwenye gazeti ili visipate rangi, safi kuliko vilivyotoka. Bi Najua alikuwa akiuliza, "Mwisho wake ulikuwaje, fundi?" naye akijibu, "Mwisho wake, mama, mtu hakuutarajia." Jibu la msomaji hasa. Bi Najua alimtaja kwa wanafunzi watukutu kama mfano wa kuigwa, na mwaka juzi yeye ndiye aliyependekeza apewe cheti cha Msomaji Bora, kwa makofi na picha.

"Jumanne njoo saa nne kamili," alimwambia. "Kuna mgeni atakuwepo, atakaa pembeni anaandika. Usimjali. Mimi nitakuuliza maneno mawili matatu, wewe unijibu."

"Maneno gani, mama?"

"Usijali. Najua."

Jumanne ikafika. Mkufunzi alikaa hatua tano kutoka kaunta, fomu juu ya goti. Chini ya kaunta, kwenye droo iliyo wazi kidogo, Bi Najua alikuwa ameshaiweka riwaya inayofuata, juzuu ya kumi na moja ya mpelelezi mwenye jicho moja, mhuri tayari umepigwa. Saa nne kamili fundi aliingia, akavua kofia, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akaweka kitabu chake kilichofungwa gazeti mbele yake.

"Karibu, fundi," alisema Bi Najua kwa sauti ya sherehe. "Leo ungependa nikusaidie nini?"

Fundi akatabasamu. "Si unajua."

"Na..." Neno lilifika kwenye meno likarudishwa kwa nguvu. "Sijui. Nieleze."

Akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu zilipita zimeshikana mikono. Mkufunzi aliinua jicho, na nne ikaja polepole kidogo. Fundi aliikunja kofia, akaikunjua. Kwenye saba tabasamu lilikuwa limemtoka. Kwenye kumi alikuwa hajasema kitu, na Bi Najua akashukuru kwamba swali la pili lilikuwepo.

"Hivi vitabu ambavyo umeshachukua," aliuliza, "vimekusaidiaje mpaka sasa?"

Hapo fundi aliinua uso akamtazama. Ni mara chache watu wawili waliokutana kila baada ya wiki mbili kwa miaka tisa huwa wanatazamana.

"Mama," alisema chini chini, "unauliza kweli, au hii ndiyo ya mtihani?"

Bi Najua alikuwa na jibu tayari, kama kawaida yake. Lakini kulikuwa na kitu katika namna mtu yule alivyoishika kofia, na jibu likakwama. Hakuhesabu safari hii, alisahau.

"Nilianza kwa ajili ya mtihani," alisema. "Sasa nauliza kweli."

Fundi aliinama mpaka kifua kikagusa kaunta. "Mimi sijui kusoma," alisema.

Akaeleza kwa kunong'ona, na hakukatizwa. Siku ya kwanza, miaka tisa iliyopita, alikuja kuuliza ni wapi watu wazima wanafundishwa. Binti yake alikuwa amehamia mbali, anamwandikia, na kila ujumbe ulibidi ampelekee fundi cherehani wa jirani amsomee. "Anasoma kimoyomoyo kwanza," alisema. "Anacheka yeye, halafu ndipo mimi najua binti yangu ameniandikia kichekesho. Nikachoka kucheka wa pili." Basi akaja maktabani, akasema, "Samahani mama, mimi ninataka kusoma..." na mama akasema najua, najua, akamjazia fomu yeye mwenyewe, akamwonyesha pa kuchora sahihi, na akampa riwaya ya upelelezi.

"Nilitaka kukwambia. Lakini ulinitazama kama msomaji. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Nikasema nitakwambia wiki ijayo." Akatikisa kichwa. "Halafu mkanipa na cheti. Mke wangu amekitia kwenye fremu. Majirani wananiletea mikataba yao niwasomee. Nawaambia waniachie niipitie kwa utulivu, naipeleka kwa fundi cherehani."

Bi Najua alitamani ardhi ipasuke. Si aibu ya kuchekwa, hiyo angeimudu. Ni aibu ya kumkumbuka mtu yule miaka tisa akitoka mlangoni na kitabu kwapani, na yeye nyuma yake akijisifia kwa wenzake. Kila baada ya wiki mbili mtu alikuja na kiu, na yeye akampa glasi nzuri iliyo tupu, akampongeza kwa kuirudisha safi. Macho yalimjaa machozi na hakuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungeonekana.

Mkufunzi alisimama akasogea kaunta na fomu yake. Alikuwa hajasikia kitu. Minong'ono haikufika hatua tano.

"Tumefika sehemu ya mwisho," alisema. "Bi mkubwa, hitaji la msomaji kwa maneno yake mwenyewe. Niambie niandike."

Bi Najua alitazama nyuma ya mkufunzi. Kwenye meza za kusomea kulikuwa na watu wapatao kumi, wawili kati yao majirani wa fundi. Fundi alikuwa ameitazama kaunta kama mtu anayesubiri kupigwa sindano.

"Siwezi kulisema," alijibu.

"Hukulipata?"

"Nimelipata."

"Basi litaje."

"Si langu mimi kulitaja."

Mkufunzi alingoja, kwa kile kipaji chake. Lakini safari hii alikutana na mtu aliyengoja vilevile. Wakangojana. Mwishowe mkufunzi ndiye aliyeshindwa, akashusha sauti. "Bi mkubwa, sehemu hii ina alama hamsini. Ukiikosa, hata ukipata nyingine zote hufiki sitini. Unajua maana yake."

"Najua," alisema Bi Najua, na neno hilo halikuwahi kumtoka kwa uzito kama ule. "Ni ghala. Andika sifuri, mwanangu."

Aliegemea kaunta. Hakujiona shujaa. Aliona ndoo ya gundi na lile dirisha la juu, na akawaza kwamba huko angalau yeye hatamkosea mtu.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi fundi aliposema, "Dada, ngoja."

Alikuwa ameinuka. Alivaa kofia yake, akaivua tena. Kisha akasema kwa sauti kamili, sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza kutoka juu ya ngazi na mtu aliye chini:

"Andika hivi. Mimi sijui kusoma. Nimekuja kuuliza mtu mzima anafundishwa wapi. Nilikuja kuuliza hilohilo miaka tisa iliyopita, mama huyu akanipa riwaya. Leo ndiyo ameniuliza. Andika yote, na hiyo ya riwaya uiandike."

Vichwa viliinuka kwenye meza zote. Mmoja wa wale majirani alikuwa na gazeti. Alilishusha, akamtazama fundi, kisha akavua miwani na kuanza kuifuta, jambo la heshima kabisa. Hakuna aliyecheka. Mkuu wa maktaba, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi na karatasi zake, alirudi ndani polepole na kuacha mlango wazi.

Mkufunzi aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alimgeukia Bi Najua. "Na umempa kitabu gani?"

"Sijampa kitabu," alisema Bi Najua. "Bado kuna swali la tatu."

Matokeo yalikuja baada ya siku kumi. Sehemu ya hitaji la msomaji: hamsini kwa hamsini. Sehemu ya kuuliza na kusubiri: ishirini na moja kwa hamsini, na maelezo pembeni kwamba moja hadi kumi si neno moja, na kwamba mhudumu anaombwa asifiche juzuu ya kumi na moja kwenye droo iliyo wazi. Jumla sabini na moja. Bi Najua alisoma maelezo hayo mara mbili, akasema mkufunzi ana macho ya mwizi, akatoka akaenda kukaa kaunta. Kisha alikitoa kitabu cha mwongozo kwenye rafu alikokizika, akakifungua kwa mara ya kwanza. Nailoni ikalia kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Mwishoni kulikuwa na orodha ya vitini vya kufundishia watu wazima kusoma, ambavyo makao makuu hutuma bure kwa tawi lolote linaloviomba. Alituma maombi siku hiyohiyo. Jibu lilisema ombi lao ni la kwanza.

Sasa kila Jumanne saa saba mchana, kaunta inaposhikwa na mwingine, Bi Najua na fundi hukaa kwenye chumba cha mikutano. Ni vigumu kusema nani anateseka zaidi. Fundi anaweka kidole chini ya herufi na kuivuta hadi inayofuata. Na Bi Najua, ambaye ameshalijua neno tangu herufi ya kwanza, amekalia mikono yake miwili na kuung'ata mdomo. Wiki za mwanzo alikuwa anatoka mle ndani amechoka kuliko mwanafunzi. Mumewe anasema siku hizi nyumbani sentensi zinafika mwisho, na baadhi ya hizo zinamshangaza hata yeye mwenyewe.

Jumanne moja, mwezi wa tano wa masomo, fundi alikuja bila kitini. Alitoa simu mfukoni, akaivuta karibu na macho, na kuanza. Binti alikuwa ameandika asubuhi. Fundi hakumpa mtu yeyote kuiona. Alisoma kwa midomo, kidole kikitembea kwenye kioo, akarudi nyuma, akasonga tena mbele. Ilichukua dakika nyingi. Bi Najua alitazama ukuta.

Ghafla fundi akapasuka kicheko, kicheko cha kurusha kichwa nyuma, mpaka machozi yakamtoka na mfanyakazi wa kaunta akaja kuchungulia mlangoni.

"Nini?" Bi Najua aliuliza, akiinuka kwenye kiti. "Kasema nini? Fundi, kaandika nini?"

Fundi alimwashiria kwa mkono asubiri, kwa sababu alikuwa bado anacheka.